UZI: Leseni kwa maafisa ustawi wa jamii Zanzibar, tuanzie wapi?

Maalim_Tunguu (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nafungua uzi huu kwa wanaoijua kazi ya ustawi wa jamii kwa ndani: walioko wilayani, vyuoni, mahakamani na kwenye vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyohudumia waliodhalilishwa. Suala ni usajili na leseni za maafisa ustawi, pamoja na namna ya kuwasomesha.

Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 imemtwika afisa ustawi mzigo mkubwa. Anachunguza taarifa za mtoto aliye hatarini, anaingia nyumbani kwa watu, anaandika ripoti ya hali ya kijamii kwa ajili ya Mahakama ya Watoto, anafuatilia mtoto akiwekwa kwa jamaa au walezi wa kambo. Sheria ile ilipata tuzo ya dhahabu ya Future Policy Award mwaka 2015 na ilistahiki. Suala linalobaki ni la mtekelezaji: amesoma nini, nani anamsimamia, na akiharibu kazi ashitakiwe wapi.

Muuguzi akikosea dawa, lipo Baraza la Wauguzi na Wakunga la kumwita na kumhoji. Afisa ustawi anaweza kupendekeza mtoto arudishwe nyumba ile ile aliyodhalilishwa, na madhara yake yakadumu maisha mazima.

Ninavyoona mimi, sheria ya taaluma hii isipungue mambo haya. Kwanza, cheo kilindwe: asiyesajiliwa asijiite afisa ustawi, awe serikalini, kwenye jumuiya zisizo za kiserikali au kwenye nyumba ya kulelea watoto. Pili, daftari la usajili liwe na ngazi tatu: msaidizi mwenye cheti au diploma, mtaalamu mwenye shahada, na msimamizi mwenye shahada na uzoefu wa miaka kadhaa chini ya mtu mwingine aliyesajiliwa. Tatu, kila ngazi iandikiwe kazi zake. Msaidizi atembelee familia, ajaze fomu ya awali, afuatilie. Kumwondoa mtoto nyumbani, au kusaini ripoti inayokwenda kwa hakimu, ibaki kwa mtaalamu. Nne, leseni ihuishwe kila mwaka au kila miaka miwili kwa ushahidi wa mafunzo endelevu.

Naomba michango ya wanaojua.

---

BintiWete

Waalaykum salaam Maalim. Nakubaliana na kila ulichoandika, ila mpangilio wako unanitia wasiwasi. Leseni inamwongezea mtu wajibu. Usipompunguzia mafaili, unampa karatasi ya kumwadhibia.

Tufanye hesabu. Afisa wa wilaya ana saa kama 160 za kazi kwa mwezi. Toa 40 za vikao, ripoti za mwezi na shughuli za malipo ya wazee. Pensheni jamii ya waliotimiza miaka 70 ilianza Aprili 2016 na uhakiki wake unakula siku. Zinabaki saa 120. Kesi mpya ya mtoto ikifanywa vizuri inataka si chini ya saa 12 mwezi wa kwanza: kwenda nyumbani mara mbili, kwenda skuli, kumwona mtoto peke yake, kuzungumza na mlezi, kuandika. Baada ya hapo saa 3 kila mwezi kwa miezi mitano ya ufuatiliaji.

Akipokea kesi tano mpya kila mwezi, mwezi wa kwanza anatumia saa 60, wa pili 75, wa tatu 90, wa nne 105, wa tano 120. Mwezi wa sita anahitaji saa 135 na hana. Tangu hapo kinachokatwa ni ufuatiliaji, kwa sababu kesi mpya ina mzazi anayelia mbele ya meza, na ile ya zamani imekaa kimya kabatini. Kwa kesi nne kwa mwezi anasimama kwenye saa 108 na anaweza kuhimili. Kwa hiyo tafauti ya kazi nzima na kazi iliyoparaganyika ni kesi moja kwa mwezi.

Hesabu hii ifanywe kwa kila wilaya kati ya 11, kwa takwimu zake yenyewe, kabla Baraza la Wawakilishi halijaletewa muswada. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, lakini kugawa maafisa kwa idadi ya watu peke yake kunaipunja Micheweni. Kule afisa anatumia nusu siku kumfikia mtoto mmoja, na Mjini kwa nusu siku hiyo anaona watatu.

---

Mkwajuni_77

Mimi nina moja tu. Hawa walioajiriwa zamani, wengine wamesoma sosholojia, wengine maendeleo ya jamii, wengine ualimu, na wako kazini miaka mingi. Sheria ikija inasema shahada ya ustawi wa jamii, tunawapeleka wapi?

---

Maalim_Tunguu

Hapo ndipo sheria nyingi za namna hii zinapoharibikia, ndugu yangu. Kifungu cha mpito kikikosekana, siku ya kwanza wilaya inabaki tupu. Kikiwekwa bila tarehe ya mwisho, watu hawasomi tena na usajili haumaanishi kitu.

Naona hivi: aliye kazini siku sheria inapoanza apewe usajili wa muda wa miaka mitatu, usiozidishwa. Ndani ya miaka hiyo amalize kozi ya kuziba pengo. Mwenye sosholojia anajua nadharia na utafiti. Anachokosa ni maadili ya taaluma, mahojiano na mtoto, usimamizi wa kesi, sheria za Zanzibar na fildi, yaani mafunzo ya vitendo, iliyosimamiwa. Hayo hayahitaji miaka mitatu mipya chuoni. Mihula miwili ya jioni na wikiendi inatosha, na fildi aifanye pale pale kazini kwake, mafaili yake yakikaguliwa na msimamizi wa nje. Mwenye ualimu ana pengo kubwa zaidi, aongezewe. Atakayeshindwa abaki ngazi ya msaidizi bila kupunguziwa mshahara alionao. Hilo la mshahara liandikwe waziwazi, vyenginevyo kesi itafika Tume ya Utumishi kabla ya mwaka kwisha.

Kozi yenyewe ifundishwe Unguja na Pemba. Ikifundishwa Tunguu, Unguja, peke yake, afisa wa wilaya ya Mkoani, Pemba, atalipa boti na malazi mfukoni mwake, na hatosoma.

---

Wakili_Vuga

Salaam zenu. Nitoe ya kisheria, nikianza na Muungano, maana huko wengi wanachanganya.

Ustawi wa jamii si jambo la Muungano. Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania Bara haitumiki kwetu, na sheria yoyote ya leseni itakayopitishwa Dodoma kwa ajili ya maafisa ustawi wa Bara haitomfunga afisa wa Chake Chake. Elimu ya juu, kwa upande mwengine, imo katika orodha ya mambo ya Muungano, na shahada za vyuo vikuu zinapita Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kwa hiyo leseni itatoka hapa, lakini shahada inayoifungulia mlango imeidhinishwa na chombo cha Muungano. Mwandishi wa sheria asijaribu kulipatia baraza la Zanzibar litakalosajili maafisa mamlaka ya kufuta programu ya chuo. Alipatie mamlaka ya kutambua au kutotambua programu kwa madhumuni ya usajili. Chuo kitajirekebisha chenyewe kikiona wahitimu wake hawasajiliwi.

Hapo hapo iwekwe njia ya kumtambua mtaalamu wa Bara anayekuja kufanya kazi huku. Asirudishwe chuoni, ila afanyiwe tathmini ya sheria za Zanzibar: Sheria ya Mtoto, mamlaka ya Mahakama za Kadhi katika mambo ya ndoa, talaka na malezi ya watoto, na mfumo wa shehia. Mtu anaweza kuwa hodari wa kazi na akampeleka mama pasipo, kwa sababu hajui shauri lipi la kwa Kadhi na lipi la Mahakama ya Watoto.

Njia ya muswada: Wizara inaandika waraka wa sera, unapita kwa makatibu wakuu, unakwenda Baraza la Mapinduzi. Ukikubaliwa, Ofisi ya Mwanasheria Mkuu inaandika muswada, unasomwa mara ya kwanza Baraza la Wawakilishi, kamati inaupitia na kusikiliza wadau, ndipo usomwe mara ya pili na ya tatu. Rais akisaini inakuwa sheria. Tatizo la kawaida linakuja baada ya saini. Sheria inasema itaanza siku atakayotangaza Waziri, kanuni hazijaandikwa, fomu hazipo, mrajis hajateuliwa. Dawa yake ni kuandika kanuni sambamba na muswada, kamati izione zote pamoja.

Katika nidhamu, wanaochunguza malalamiko wasiwe ndio wanaosikiliza na kuhukumu. Afisa apewe mashtaka kwa maandishi, apewe muda wa kujibu, awe na haki ya rufaa Mahakama Kuu. Baraza likichanganya kazi hizo mbili, uamuzi wake wa kwanza kupingwa mahakamani utaanguka.

Na masheha, kamati za shehia na watu wa kujitolea wasamehewe leseni kwa jina. Sheha anayepokea taarifa ya mtoto kupigwa usiku asiogope kuwa anafanya kazi ya watu bila kibali.

---

Fundi_Mitaala

Nashukuru Wakili kwa hilo la kutambua programu. Naendelea na elimu.

Tuna SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, inayofundisha ustawi wa jamii hapa nyumbani, na Taasisi ya Ustawi wa Jamii Kijitonyama imesomesha maafisa wetu wengi. Darasani hali si mbaya. Udhaifu uko fildi. Mwanafunzi anapelekwa ofisini, anakaa wiki nane, anapanga mafaili na kuandika mahudhurio ya vikao, anarudi na fomu iliyopigwa muhuri. Hajawahi kumhoji mtu.

Kwa kulinganisha, Marekani chombo kinachoidhinisha programu, CSWE, kinataka saa 400 za fildi kwa shahada ya kwanza na 900 kwa ya pili. Kwetu wiki 16 za siku tano, saa saba kwa siku, zinatoa saa 560. Inawezekana kabisa ndani ya muhula mmoja. Ila saa peke yake hazisaidii. Kwenye kitabu cha fildi iandikwe kazi zenyewe: mahojiano kadhaa yaliyoshuhudiwa na msimamizi, ripoti mbili za hali ya kijamii, kesi moja iliyofuatwa tangu taarifa hadi kufungwa, siku za kukaa Mkono kwa Mkono, siku za kukaa mahakamani.

Idadi ya wanafunzi nayo ifungwe na idadi ya wasimamizi. Tuseme kila wilaya ina wasimamizi wawili wenye sifa, na kila mmoja anachukua wanafunzi watatu. Wilaya 11 zinatoa nafasi 66 kwa mzunguko. Chuo kikidahili 150, zaidi ya nusu watapelekwa pahala pasipo na wa kuwafundisha. Wenye vyuo hawapendi kuisikia hesabu hii, kwa sababu ada ya mwanafunzi inaingia awe na msimamizi au asiwe naye.

Afrika Kusini baraza lao, chini ya sheria ya mwaka 1978, linawasajili hata wanafunzi wa ustawi wa jamii. Mwanafunzi akivujisha siri ya familia fildi, pana pahala pa kumshitaki. Tulichukue hilo.

Sasa mtihani wa leseni. Tusikimbilie mtihani wa maswali ya kuchagua. Wamarekani wanao, unatungwa na ASWB, shirikisho la bodi za leseni za majimbo. Kwa muda mrefu ulikuwa wa maswali 170, yanayohesabiwa 150, kwa saa nne. Mwaka 2022 walitoa takwimu zao wenyewe. Katika mtihani wa ngazi ya kliniki kwa miaka 2018 hadi 2021, Wazungu waliofaulu jaribio la kwanza ni karibu 84 kwa mia, Weusi 45 kwa mia. Ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza nao walikuwa nyuma. Jimbo la Illinois liliondoa mtihani kwa leseni yake ya LSW, isiyo ya kliniki, kuanzia 2022.

Na sisi hapa anasoma kwa Kiingereza, kisha anazungumza na bibi wa Makangale kwa Kiswahili, kwa lafudhi ya Kipemba tena. Ukimpa mtihani wa Kiingereza unapima Kiingereza chake. Pendekezo langu: tathmini iwe kwa Kiswahili, na iwe ya kazi. Anapewa faili la mfano, anaandika ripoti kwa saa tatu, halafu anajitetea mbele ya watahiniwa wawili wasiomjua. Kwa wahitimu mia moja hilo linatekelezeka. Nchi yenye maelfu haiwezi, sisi tunaweza, kwa nini tuikimbie faida ya udogo wetu?

---

Wakili_Vuga

Fundi, nadhani ulikusudia mbele ya watahini wawili. Mengine yote nakuunga mkono. Niongeze kuhusu ripoti, kwa sababu naziona zinavyoanguka mahakamani.

Ripoti inayomsaidia hakimu inasema nani alionwa, wapi, tarehe gani, na nani mwengine alikuwepo. Maneno ya mtoto yanaandikwa kama alivyoyasema, hayatafsiriwi kwa lugha ya ofisi. Inaeleza nyumba: nani analala wapi, nani anashinda na mtoto saa za mchana. Inataja skuli na mahudhurio. Mwisho mpango: nani afanye nini, kabla ya siku gani.

Zinazokataliwa zinafanana. Zimenakiliwa kutoka maelezo ya polisi. Zinasema "mtoto anaishi na bibi yake" bila kueleza ni bibi wa kwa mama au wa kwa baba, wakati mtuhumiwa ni ami yake anayeishi nyumba ya huyo wa kwa baba. Zinasema "majirani wanaeleza" bila jirani hata mmoja kutambulishwa kwa mahakama. Au zinapendekeza mtoto apelekwe kwa khalati yake, na huyo khalati hajaulizwa.

---

Bi_Mtambile

Wanangu, mmesema mengi mazuri. Niingize la huku kisiwani, ambalo sheria ikilisahau itakuwa ya Mjini tu.

Pemba watu wanajuana. Afisa anayetoka wilaya ile ile ana uwezekano mkubwa wa kuwa na udugu na mtuhumiwa, au na mlalamikaji, au na wote wawili. Muhali, yaani kuoneana haya, unaua kesi kuliko upungufu wa ushahidi. Familia zinakaa, zinasuluhisha, mtoto anapelekwa kwa jamaa Unguja au Tanga, faili linafungwa kwa "mlalamikaji hakutokea". Afisa anajua na anaona haya kusema.

Kumwambia awe jasiri hakusaidii. Apewe kanuni ya kushika. Kila faili jipya liwe na ukurasa wa kutamka uhusiano: ana udugu, ukwe au ujirani na mhusika yeyote, ndiyo au hapana, na saini. Akiandika ndiyo, msimamizi analihamishia faili wilaya jirani ndani ya siku mbili, na hakuna atakayemlaumu, kwa sababu ni sheria iliyomtoa. Akiandika hapana na ikabainika ndiyo, hapo leseni yake iguswe. Mtu akiwa na kanuni mkononi anaweza kumwambia ami yake, "mimi siruhusiwi." Bila hiyo hana la kusema.

Jengine ni usimamizi wa kitaaluma, ambao watu wanaufanya ukaguzi. Mkubwa anakuja na gari, anauliza idadi ya kesi, anaondoka. Usimamizi ni saa moja kwa wiki mbili, mlango umefungwa, mafaili mawili mezani: moja alichague afisa, moja alichague msimamizi. Waangalie mtoto alionwa lini mara ya mwisho na kama alionwa peke yake. Afisa aseme kinachomtia hofu katika kesi ile. Uamuzi uandikwe ndani ya faili, wote wawili wasaini. Msimamizi wa maafisa wanane atatumia saa nane kila wiki mbili kwa kazi hiyo, kwa hiyo naye apunguziwe mafaili yake. Akiachiwa yote, kitakachokufa ni usimamizi.

Na apate mtu wa kumpumzisha huyu afisa. Anayesikiliza watoto waliodhalilishwa wiki baada ya wiki anaumia, na huku hatuna utaratibu wa kumshughulikia.

---

Mkwajuni_77

Ahsante Bi. Na ada je? Leseni ya kulipia kila mwaka kwa mshahara huu?

---

BintiWete

Ada ndiyo itakayoamua kama baraza litasimama. Ikiwa ndogo sana, baraza halina mrajis wala ofisi Pemba, linabaki jina. Ikiwa kubwa, wa jumuiya ndogo wanafanya kazi bila kusajiliwa. Kwa miaka mitano ya mwanzo serikali ilipe mrajis, karani na ofisi mbili, Unguja na Chake Chake, kutoka bajeti ya Wizara. Ada iwe ya daftari na kadi tu, ilingane na ngazi. Baraza la watu mia kadhaa halitoweza kujilisha kwa ada, na anayeahidi hivyo kwenye waraka wa sera anawadanganya makatibu wakuu.

La pili ni muundo wa utumishi. Ngazi za leseni zisipofungwa na ngazi za mshahara chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011, mtu atasoma, atapata usimamizi, na atalipwa sawa na aliyekaa. Wizara iuombe muundo mpya wakati ule ule inapopeleka waraka wa sera, kwa sababu marekebisho hayo yanapita ofisi ya utumishi na yana safari yake mbali na muswada.

---

Fundi_Mitaala

Wakili, kweli, watahini. Nimeshasahihisha kwenye rasimu yangu.

Bi Mtambile, ule ukurasa wa kutamka uhusiano nauingiza kwenye kitabu cha fildi. Mwanafunzi ataujaza kwa kila familia atakayopewa, ili akiajiriwa awe ameshauzoea.

---

Bi_Mtambile

Uingize, mwanangu. Na chini yake acha mstari wa msimamizi kuandika wilaya gani faili limehamishiwa na nani kalipokea. Faili likihamishwa bila jina la aliyelipokea, linapotea njiani baina ya Mkoani na Chake.